Mjane wa Kasimiri

Herieth alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kizwite. Katika miaka ile ya ruksa, marobota ya mitumba yalipoanza kuingia kutoka Tunduma, kazi ilimpungua, akabaki na kubadilisha zipu na kukata suruali za watu asiowajua. Lakini kilichompa jina si cherehani, ni redio. Alikuwa mtumaji salamu, kadi zake zikienda redioni kwa posta. Jina lake likisomwa hewani, majirani walimwita dirishani: "Herieth, umesikika."

Wapenzi wa mchezo huo mjini walikuwa na klabu yao, mwenyekiti wao akiwa Oswaldi, fundi baiskeli. Siku moja Oswaldi alitoa wazo kwamba wajitolee kuwaenzi askari wa mkoa waliopigana vita vya Kagera, ambao tangu warudi hakuna aliyewajulia hali. Kila mwanachama amtembelee askari mmoja kwake, kisha amtumie salamu redioni. Baadaye wote waende kuwasaidia kazi za shamba. Herieth alipewa Kasimiri wa Muze.

Muze iko chini bondeni, na lori la kuteremkia huko lilikuwa la kubahatisha. Herieth aliahirisha, akaahirisha tena. Mwishowe alimuuliza sokoni mama mmoja wa Muze, muuza mchele, kama anamfahamu Kasimiri aliyekuwa jeshini.

"Kasimiri? Si tulimzika masika," alisema yule mama, akiendelea kupima mchele.

Herieth hakuuliza Kasimiri yupi. Klabu ilipokutana jioni, aliwaambia wenzake kuwa amefika Muze. Amemkuta mjane, wamekaa mkekani, mjane amelia. Hakujua kwa nini aliongeza hayo. Labda ni kwa vile wote walikuwa kimya wakimsikiliza. Oswaldi alivua kofia. Wakasimama kumkumbuka marehemu, na Herieth naye akasimama.

Salamu zilisomwa Jumapili moja mchana: Herieth wa Kizwite anamkumbuka marehemu Kasimiri wa Muze, shujaa wa Kagera, na anampa pole mjane wake. Majirani walimwita dirishani.

Wiki hiyohiyo Oswaldi alimletea bibi mmoja aliyenyolewa nywele, kajifunga kaniki ya msiba. Alikuwa Josefina, mama mzazi wa Kasimiri, aliyekuwa akiishi kwa binti yake Kipili. Alisikia tangazo kwenye redio ya mkwewe, akapanda lori la dagaa, akalala njiani Namanyere.

"Shikamoo, bibi," alisema Herieth.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwona mke wa mwanangu? Mimi sikujua kama alioa. Nipeleke kwake. Huenda ameniachia mjukuu."

Herieth angeweza kusema palepale. Alikitazama kile kichwa kilichonyolewa, akaitikia tu, "Haya, bibi." Oswaldi alikuwa ameshapata gari. Waliteremka watatu nyuma ya lori, bibi akiwa juu ya gunia, na kila kona ya mteremko alikuwa na swali. Mjane ni mrefu? Ni Mfipa, au ni mtu wa wapi?

"Sikumbuki vizuri, bibi," alijibu Herieth, kona baada ya kona.

Huko Muze walimkuta Kasimiri mwenyewe shambani akipalilia mpunga, mguu mmoja haukunjiki kwa jeraha la vita. Alipomwona mama yake aliacha jembe. Bibi hakulia. Alimwendea, akainama, akampandisha suruali, akapapasa kovu la gotini mpaka akaridhika. Ndipo alipokaa chini, kwenye tope.

"Nani amekunyoa, mama?"

"Redio."

Ikabidi isemwe. Herieth alieleza yote, Oswaldi akisikia: muuza mchele, mkeka, mjane. Aliyezikwa masika alikuwa Kasimiri mwingine, mzee aliyepigana vita vya Mwingereza, kabla ya uhuru. Huyo klabu haikuwa imemkumbuka kabisa.

Kasimiri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuitwa marehemu si neno," alisema. "Vitani tuliitwa hivyo tukiwa hai. Lakini mama amelala Namanyere na baridi ile, akinililia. Tena, dada yangu, ukamtunga mjane. Hakuna aliyekubali kuolewa na mguu huu. Wewe umempa mama yangu mkamwana ambaye hayupo."

Herieth alipiga magoti.

"Inuka, mwanangu, utachafuka," alisema bibi, akamshika mkono. Upole huo ulimchoma kuliko maneno ya Kasimiri, akainuka bila kuomba radhi.

Kusahihisha tangazo lile kulichelewa, maana kadi ya salamu ilikwenda kwa posta, na iliposomwa, mji mzima ulicheka. Sokoni walianza kumwita Mjane wa Kasimiri. Oswaldi hakumfukuza klabuni. Alimwambia tu, "Tulisimama, dada Herieth. Mimi nilivua kofia." Hakulirudia tena. Herieth hakutuma salamu nyingine. Redio alimpa jirani, akashona kimya.

Mpunga ulipoiva klabu iliteremka Muze kumsaidia Kasimiri kuvuna. Herieth alikwenda, ingawa hakuna aliyemwita. Kasimiri alimpa mundu, akamwonyesha pa kuanzia, akaenda zake upande wa pili. Mchana, wakingoja ugali, wanaklabu walimzunguka Kasimiri awasimulie vita, naye akaanza kusimulia jinsi walivyovuka mto usiku wakishikana mikanda. Herieth alisogea na maji ya kunawa. Kasimiri alikatiza. Alinawa taratibu, akakung'uta mikono.

"Asante, dada," alisema.

Akangoja mpaka Herieth arudi jikoni kwenye masufuria, ndipo akaendelea, kwa sauti ya chini kidogo.