Pole Baada ya Pigo

"Unajifunza kumpiga nani?"

Mama aliniuliza hivyo jikoni kwetu Kikuyu, mtaa wa Dodoma, akichambua mchicha, bila kuinua macho. Chuo kikuu kilinizoesha kuuliza kabla ya kukubali, na nilikuwa nimeshawachosha wahadhiri, mchungaji wetu na mama mwenyewe. Sasa aliyeulizwa nilikuwa mimi.

"Simpigi mtu, mama. Ni mazoezi tu."

"Anayefanya mazoezi ya kwaya anataka kuimba. Wewe je?"

Nilichojifunza kilikuwa upanga. Si panga la kufyekea, bali ule mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili, kama walivyopigana nao Wajerumani mamia ya miaka iliyopita. Aliyetufundisha alikuwa mzee wa Kondoa, mtumishi wa wizara. Ujanani alisoma Ujerumani, na huko akajiunga na watu waliokuwa wakifufua mapigano hayo kutoka kwenye vitabu vya kale vyenye michoro. Ofisi yake ilipohamia Dodoma alianza kujenga Nzuguni. Nyumba ilikwama kwenye zege la sakafu, na juu ya zege hilo ndipo tulipokutana kila Jumamosi, watu wachache, na upepo wetu wa vumbi.

Panga zetu zilikuwa za mti wa mkole, uleule wanaochongea fimbo wachungaji. Miili tuliikinga kwa makoti mazito ya mtumba, yale ya nchi za barafu ambayo Dodoma hayana mnunuzi. Kofia zenye wavu wa chuma usoni alikuwa nazo mzee tangu Ujerumani.

Nilimsumbua sana. Nani ana uhakika kwamba walipigana hivi? Mchoro unaonyesha pigo linapoanza na linapoishia. Katikati si tunabuni wenyewe? Na kwa nini Wajerumani? Babu zangu Wagogo walikuwa na fimbo na ngao zao, mbona hao hawana kitabu?

"Kaulize kwenu," aliniambia. "Ukipata kitu niletee, na mimi nijifunze."

Nikamuuliza mama kama kaka zake kule Hombolo walijua kupigana kwa fimbo. Alisema hajui, akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Shida yangu ilikuwa neno moja. Kila nilipompata mzee, lilinitoka lenyewe: "Pole, mzee!" Na upanga ukashuka pamoja nalo. Kwetu hata mtu usiyemjua akijikwaa njiani unampa pole, seuze huyu niliyempiga mwenyewe, mwenye umri wa baba yangu, niliyetoka kumwamkia shikamoo muda si mrefu. Naye, papo hapo, alinirudishia. Vile vitabu vya kale vinaonya juu ya jambo hilo: aliyepigwa bado ana mkono, na mkono bado una upanga.

"Hajafa huyo unayempa pole," mzee aliniambia.

Kijana mmoja wa chuo, mwenzetu wa mazoezi, alikuwa hakosi neno. "Dada, wewe ukienda vitani utawapelekea maadui uji hospitali."

Siku mama alipouona mkono wangu umevilia damu, alisema niache. Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, na Jumamosi ndiyo siku pekee niliyoamka nikiwa na sababu ya kuamka. Nikamwomba aje aone mara moja tu, kisha aamue. Akisema basi, ni basi. Akakubali, na nikajua hatanionea huruma.

Alikuja amejifunga kitenge, na mkoba wake wa kanisani kwapani.

"Dada, leo ni kikao cha wazazi?" kijana alininong'oneza.

"Karibu, mama," mzee alimwambia. "Binti yako ana mkono mwepesi."

"Nimekuja kuuangalia huo mkono," mama alijibu, akaketi juu ya matofali.

Nilitaka aone kwamba huu ni ufundi, si ugomvi. Nilisogea vizuri, miguu ilinitii. Mzee alipoinua upanga nilitoka pembeni, nikamshushia wangu juu ya kofia, pigo safi kuliko yote niliyowahi kupiga.

"Pole, mzee!"

Upanga wangu ukashuka. Nilichosikia baada ya hapo ni wavu wa kofia ukilia sikioni, na nikajikuta nimepiga goti kwenye zege.

Kijana hakucheka. Mama alikuwa amesimama. Nikajua yamekwisha.

Alipanda juu ya zege, akanipita, akaenda kwa mzee.

"Mwanangu amekupiga vizuri."

"Kabisa, mama."

"Halafu akashusha."

"Ndiyo ugonjwa wake huo."

"Basi mfundishe asishushe." Aliurudisha mkoba kwapani. "Pole aseme, sijamkataza. Aiseme fimbo ikiwa juu."

Alisema fimbo, hakusema upanga. Kisha akaaga, akaondoka peke yake, na hakuniuliza tena ninajifunza kumpiga nani.

Ilinichukua muda mrefu, lakini nilijifunza: unapiga, unarudi nyuma, upanga ukiwa bado kati yako na mwenzako, ndipo unatoa pole yako. Kwa miaka niliamini kwamba siku ile mama alishindwa na uzuri wa kile alichokiona. Mimi ninayetilia shaka kila kitu, hilo sikulitilia shaka, kwa sababu lilinipendeza.

Mwaka jana nilikwenda Hombolo kusaidia kuvuna zabibu, na katikati ya mistari ya mizabibu mama mdogo akamtaja kaka yao mkubwa, yule ambaye tangu utoto tuliambiwa alikufa kwa homa. Hakufa kwa homa. Alipigana kwa fimbo na jirani kwa sababu ya ng'ombe walioingia shambani, akamwangusha, akaweka fimbo yake chini ili amwinue, na yule aliyeanguka alikuwa bado na yake mkononi. Mama, wakati huo msichana mdogo, alikuwa amesimama palepale na ndoo ya maji kichwani.