Midoli Kwenye Kamba ya Mama Povu

Kijiji kizima kilimwita Mama Povu, kwa kuwa alikuwa dobi wa misheni tangu usichana wake na mikono yake haikupata kukauka. Mtu akimpelekea nguo, hakujisumbua kuzihesabu. "Neno langu ni kama shuka niliyofua," alipenda kusema. "Lianike juani, hulioni doa."

Mwaka ule wafadhili wa mbali walituma magunia ya midoli ya manyoya kwa ajili ya watoto. Mchungaji na mkewe, wamisionari waliokuwa bado wageni kijijini, walifurahi kama wao ndio wanaopewa. Mama Povu alifungua gunia la kwanza, akaziba pua. Safari ndefu ilikuwa imeitia midoli uvundo.

"Zawadi hainuki," alisema. "Niachieni mimi."

Jumamosi asubuhi aliingia kazini. Akawasugua dubu matumbo, akawasuuza sungura, akawakamua twiga shingo mpaka mwenyewe akawaonea huruma. Tembo mmoja alimkamua kwa nguvu mno. Sikio likang'oka, likaenda na maji machafu. Kisha akawaanika wote nyuma ya chumba cha kufulia, wakaning'inia kwenye vibanio kama wezi wa mahindi waliokamatwa pamoja.

Alisahau jambo moja tu: kamba ile ilitazamana na njia ya kisimani. Kabla dubu wa kwanza hajakauka, watoto walikuwa wamejazana uani, ndoo wamezitupa.

"Sungura yule wangu!"

"Wako tangu lini? Mimi nilimwona wewe hata uso hujanawa!"

Mama Povu alitoka na povu hadi viwikoni. "Nyamazeni, fisi ninyi! Haya, kaeni chini mpange wenyewe nani amchukue nani, bila ngumi. Mkielewana, kesho kila mtu atapata wake. Nimesema mimi."

Watoto wakakaa. Aliyewaongoza alikuwa msichana mwembamba waliyemwita Wakili, kwa sababu ya mdomo wake. Wakabembelezana, wakanuniana, wakabadilishana mara hii na mara ile, hadi jua likafika utosini. Hatimaye Wakili akasimama.

"Bibi, tumemaliza. Mimi nina twiga yule aliyepauka. Hakuna anayelia."

Kesho yake, baada ya ibada, Mama Povu alikuta meza imejaa vifurushi vya karatasi ya bluu, kila kimoja kimefungwa utepe, vyote vinafanana.

"Nimevifunga jana jioni," mke wa Mchungaji alimwambia kwa furaha. "Kila mtoto ataokota kimoja bila kujua kilichomo. Hapo hakuna wa kumwonea mwenzake wivu!"

Mama Povu akageuka nyuma. Watoto walikuwa wamejipanga, wametulia kama maji ya mtungini. Wakili akamvuta nguo.

"Bibi, twiga wangu yuko kwenye kipi?"

Ahadi ni deni, na yeye alikuwa amelikopa kwa mali ya watu. Akinyamaza, nani katika watoto hawa atamwamini tena? Akisema, kazi yote ya mama wa watu imepotea bure. Liwalo na liwe, akamsogelea Mchungaji.

"Baba Mchungaji, nimekosa. Nimegawa kisicho changu." Akaeleza habari yote, kuanzia uvundo hadi ahadi.

Mchungaji akashika ndevu zake. "Yaani midoli imekwisha kugawanywa tangu jana? Na hawakupigana?"

"Walinuniana tu, Baba."

Mke wa Mchungaji alizitazama tepe zake, akamtazama dobi, kisha akaangua kicheko hata akaegemea meza. "Na vidole vyangu vilivyokufa ganzi! Basi, aliyefunga ndiye afungue. Mama, lete vibanio!"

Karatasi zikachanwa, midoli ikarudi kambani. Watoto wakaingia mmoja mmoja, na kila mmoja akaenda moja kwa moja kwa wake, bila hata kumtupia jicho wa mwenzake. Mchungaji alibaki kinywa wazi. Wakili alimkumbatia twiga wake shingoni kana kwamba wamepoteana miaka.

Kambani akabaki tembo wa sikio moja. Mama Povu akashtuka. "Nani hajapata?"

"Tumepata wote," alijibu Wakili. "Huyo ni wako, Bibi. Tulikuwekea tangu jana."

"Mimi na uzee huu, mdoli wa nini? Tena mkanichagulia kilema!"

"Tulimchagua makusudi. Ukitufokea, atasikia nusu tu."

Mama Povu alitaka kufoka kweli, lakini kicheko kilimtangulia. Akamtoa tembo kwenye kibanio, akamnusa kwanza, kama ilivyokuwa kawaida yake kwa kila kitu kinachotoka kambani. Hakunuka. Basi akamfunga mgongoni kwa taulo kama mtoto mchanga, akashika njia ya nyumbani, na kundi zima likamfuata nyuma likimwimbia tembo alale.