Mkalimani wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ndiye aliyeivunja ndoa yangu, tena hadharani. Alisimama katika saluni ninakosukia nywele, katikati ya Durban, akawaambia Wakongo wenzetu kwamba binti yangu si damu ya mwanawe. Mume wangu akamwamini. Akaenda Johannesburg, akapata mke mwingine, na kwa kuwa huyo mke mpya hakumtaka mama, akaniachia mimi. Nilimpa kitanda ili watu wasiseme nimemtupa bibi ya mtoto wangu. Salamu sikumpa.

Tuliishi hivyo katika flati ya chumba kimoja, kila mtu na sufuria yake. Siku moja, akiwa anachambua mchele, akasema, "Jumamosi nataka kwenda kuungama. Padri hasikii Kiswahili. Utanitafsiria."

"Mimi, Mama? Iko wanakwaya wengi wanaojua Kiingereza."

"Wale watasikia kitu kipya. Wewe unakijua tayari."

Nilicheka kwa hasira. Nikamuuliza kama moto wa jehanamu umeanza kumtisha.

"Moto siogopi. Nimemuumiza anayenipenda."

"Nani anakupenda hapa?"

"Mungu. Sijasema wewe."

Nilikwenda, na nilikwenda ili nimwone akidhalilika. Padri, Mzulu wa makamo, alituketisha katika chumba kidogo cha kitubio, kisha akanigeukia mimi kwanza. Akanieleza kwamba mkalimani naye amefungwa na siri: nitakayoyasikia mle, nife nayo. Kwa hiyo maneno ya Mama siyasemi, hata hapa. Nasema yangu tu. Nilikuwa nimejiandaa kuongeza chumvi, nimfanye mbaya zaidi. Sikuongeza. Kilichonishinda ni neno "mimi". Mkalimani hasemi "mama huyu amekosa". Anasema "mimi nimekosa", na kila nilipolitamka nilijisikia kama naungama yangu. Ilipofika sala ya kutubu, padri alimwashiria aisali kwa lugha yake. Nikautazama ukuta.

Tulirudi nyumbani, kila mtu akabandika sufuria yake.

Jumanne, saluni imejaa, nina kichwa cha mteja mikononi, Mama akaingia. Hakuketi.

"Wamama," alisema, "nilisema hapa kama mtoto wa huyu si wa mwanangu. Nilisema uongo. Niliona wivu, mwanangu alikuwa anampenda kuliko mimi. Mtoto ni wetu."

Mtu akapunguza redio. Mteja wangu akageuza shingo, nami nikamrudisha kichwa kwa nguvu.

"Nani amekutuma uje kunianika upya?" nilimuuliza.

"Hakuna. Hapa ndipo niliposemea."

"Na bwana atarudi?" akadakia mteja.

"Hatarudi. Nilimpigia simu. Akasema uzee umenivuruga akili, akakata." Hapo machozi yakamtoka. Sikumpa kiti. Mwenye saluni ndiye aliyempa.

Jioni nilimwambia waziwazi, "Sijakusamehe, Mama."

"Sikukuomba. Ningekuomba, ungesema ndiyo ili ninyamaze tu." Akafunika sufuria yake. "Kukupenda sihitaji ruhusa yako."

Nilitoka nikabamiza mlango hadi jirani akachungulia.

Wiki chache baadaye aliniomba tena tuongozane, nilikataa. Akaenda peke yake. Aliporudi alinisimulia kwamba padri alimwacha aseme yote kwa Kiswahili, asichokielewa, kisha akamwondolea dhambi vilevile. Uso wake ulikuwa umelainika. Akamkalisha binti yangu katikati ya magoti, akaanza kumsuka huku akiimba, na binti yangu akawa anacheka. Nilimchukia upya kabisa, kwa wepesi ule.

Bado tunaishi pamoja. Mimi mwenyewe sijaenda kuungama tangu siku ile niliyomtafsiria. Dhambi ninayo, na jina lake nalijua: chuki. Ila siijutii bado, na kwenda kumdanganya padri sitaki.