Kicheko cha Wifi

Kazi ya Mama Tochi ilikuwa kuwaonyesha watazamaji viti vyao katika ukumbi wa michezo ya kuigiza, na watazamaji wenyewe walikuwa wamemchosha. Kila wiki watu ni walewale, manukato yaleyale, suti kama zimepigwa pasi zikiwa mwilini. Walicheka pamoja na kukoma pamoja, kama bomba lililofungwa. Katika mtaa wake mzima hakuna aliyewahi kukanyaga humo.

Basi alipopewa tiketi ya bure, akampa wifi yake, muuza mitumba ambaye kicheko chake husikika hadi nyumba ya tatu.

"Leo watatukoma," alimwambia. "Cheka mpaka mbavu ziume, wifi yangu."

Mwigizaji mmoja alipoteleza jukwaani, wifi akaangua kicheko. Peke yake. Vichwa vyote vikamgeukia, polepole, kwa pamoja. Hakuna aliyekunja uso wala kusema neno. Walimtazama tu, mpaka kicheko kikamfia kooni.

"Wafu wale!" Mama Tochi alifoka njia nzima ya kurudi. "Achana nao!"

Kesho yake jikoni, mume wa Mama Tochi akatania, na wifi akajisahau, akacheka hadi sufuria zikaitikia. Mama Tochi alifurahi kweli. Lakini shingo yake ilikuwa imeshaanza kugeuka, polepole, yenyewe, na uso umemkauka.

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Samahani, madam," akanong'ona.