Sweta ya Kijani Juu ya Paa

Nilipokuwa mtoto kule Kabuchai, niliambiwa kwamba anayemlilia mtu kabla mwili haujaonekana ndiye anayemchimbia kaburi. Nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, aliliamini hilo kuliko taarifa ya habari.

Baba alikuwa ng'ambo, akijenga nyumba za watu katika mji wa pwani. Siku mafuriko yalipoubeba mji huo, shangazi yetu wa Matisi, Kitale, mtu wa kusambaza kila kitu hata dawa za vitunguu, alimtumia Mama video kwenye simu. Maji ya rangi ya chai. Juu ya paa, mwanamume mwenye sweta ya kijani alikuwa akipunga mkono. Kisha paa likaenda na maji.

"Si hiyo ni sweta nilimfumia?" Mama alisema, akaangua kilio.

Kukhu alimziba mdomo kwa kiganja chenye unga. "Nyamaza! Ati unalilia nani? Umeona mwili?"

Tulipiga simu ya Baba hadi tukachoka. Haikuingia. Miezi ikapita, wazee wa ukoo wakaamua tuzike mgomba, kama ilivyo desturi yetu kwa mtu asiyepatikana. Baba mdogo akaja na panga. Kukhu aliukumbatia ule mgomba.

"Kata basi! Kata, unimalizie mtoto!"

Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa vile. Baba mdogo alirudi kwake bila kukata kitu.

Nami nikajipa kazi. Kila nikitoka shule nilifungua ile video na kuisimamisha Baba akiwa bado anapunga mkono. Niliamini kwamba nikiizuia hapo, hataanguka. Kukhu alichungulia begani kwangu.

"Hapo hapo, mjukuu. Usimwachilie."

Kukhu alikufa bila kumlilia mwanawe. Mama naye hajawahi kulia tena, na nadhani hilo ndilo lililomzeesha. Juzi wazee walirudi kuuliza habari za mgomba. Safari hii ruhusa ni yangu, maana mimi ndiye mtoto mkubwa wa Baba. Najua vizuri kwamba maji hayazuiwi na kidole cha mtoto. Nataka Mama alie, apumzike.

Basi nilijifungia chumbani nikafungua video, nikasema leo niiache iishe. Baba akainua mkono. Nikaisimamisha.