Kisima cha Kijani

Mama Pacha, dobi wa mtaa, hajawahi kumpa mgeni maji mabichi. Basi wapimaji walipomwachia chupa aijaze maji ya kisima chake, ili wachore ramani ya sumu iliyopenya ardhini kutoka dampo la kiwanda, aliyachemsha kwanza. Kumbe sumu yenyewe ilipaa na mvuke. Kwenye ramani visima vyote vikapakwa nyekundu, chake peke yake kijani. Alipokimbilia ofisini kwa wapimaji kueleza kuwa aliyachemsha, akaambiwa watapima tena mwakani.

Sasa mtaa mzima umemjia na ndoo, naye amekalia mfuniko wa kisima.

“Msichote, jamani! Wanangu waliyanywa mabichi, wako ndani wanatapika!”

“Shoga, acha uchoyo. Kwani wewe unajua kuliko ramani?”

Wakacheka, wakamnyanyua kwa makwapa kama mtoto, wakamweka kando.