Apollinaire Mulefu na Ukungu wa Mafunjo

Siku za kazi Apollinaire Muyisa alikuwa mtu mfupi. Alikuwa masoni, mtu wa matofali na chokaa, na majirani zake pale Butembo waliweza kumpita njiani bila kumwona. Lakini Jumapili, misa ya pili ikiisha, alikuwa mrefu kuliko paa la duka.

Mambo yalianzia kazini. Mwaka wa 1957 alipewa kazi ya kupaka chokaa kuta za shule moja, kuta zilizokwenda juu sana, na mbao za jukwaa hazikupatikana. Apollinaire akachonga miti miwili ya mkaratusi, akaipigilia vibao vya kukanyagia, akajifunga miguu kwa vipande vya mpira wa gurudumu, akaanza kupaka ukuta huku akitembea. Watoto walijazana madirishani. Siku ya tatu hapakuwa na mwalimu aliyeweza kuwarudisha kwenye madawati. Mkuu wa shule akamwomba aje Jumapili, awatembelee hao watoto juu ya miti mpaka wamshibe, ili Jumatatu wasome.

Hawakumshiba. Jumapili iliyofuata walikuja na ndugu zao, na iliyofuata tena wakaja na mama zao, wachanga mgongoni. Florentine, mke wa Apollinaire, alimshonea suruali ya magunia ya unga, ndefu kiasi cha kufunika miti yote mpaka chini, na tangu siku hiyo jina lake la ubatizo likabaki kwenye karatasi tu. Watu walimwita Mulefu, yaani Mrefu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Amisi, dereva na mfanyabiashara wa Beni, Mwislamu mwenye tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Kila Jumamosi Amisi alikuja Butembo kupakia viazi, na akaanza kumleta mkewe Halima na watoto wao wanne ili Jumapili wasikose mchezo. Lori lake lilisimama pembeni ya uwanja. Apollinaire alipanda juu ya kibanda cha dereva, akakaa, akafunga miguu yake, kisha akasimama, na watoto wakapiga kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Watoto walizunguka duara, wakaimba: "Mulefu, unaona nini?"

Naye aliweka kiganja juu ya macho, akageuza kichwa polepole. "Niko naona mama moja kule ngambo. Iko natafuta mutoto mwenye hakunawa masikio!"

Kila mtoto alishika masikio yake.

"Mulefu, unaona nini?"

"Niko naona kuku ya Papa Amisi. Lakini... iko naendesha camion yake!"

Kisha aliwafukuza. Aliyepita katikati ya miguu yake bila kugusa suruali alipata tunda moja la maracuja. Baba za watu walijaribu, wakakwama. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Mulefu alitembea kutoka kanisani mpaka sokoni akiwa na bendera ya karatasi kwenye kofia, na hata bibi wa miaka sabini aliinama, akakunja kitenge chake, akapita.

Mwezi wa nane mwaka wa 1964, lori la Amisi liliingia Butembo siku ya Jumatano. Halikuwa na mzigo, na Halima hakuwemo.

"Muyisa, funga bintu," Amisi alisema kabla hajashuka. "Basimba, bale baasi, banaingia Beni. Halima na batoto niliwatuma Mangina, kwa shamba ya baba yake. Miye nilitaka kurudi, njia ikafungwa nyuma yangu."

"Basi kaa kwetu."

"Na camion niifiche wapi? Kwa mufuko?"

Siku mbili baadaye waasi walikuwa Butembo. Apollinaire alisimama mlangoni pake, akaona lori likipita polepole limejaa watu wenye mikuki na bunduki, majani yamefungwa vichwani mwao. Amisi alikuwa kwenye usukani. Pembeni yake alikaa kijana mwenye ngozi ya mnyama kichwani. Macho ya Amisi yalimpitia Apollinaire kama vile hajapata kumwona maishani, na Apollinaire alielewa kwamba rafiki yake alikuwa akimlinda.

Usiku uleule walifunga vitu. Walielekea kusini, Kipese, kwa ndugu za Florentine. Ile miti miwili ya mchezo ndiyo iliyowafaa: walining'iniza katikati yake sufuria, blanketi, unga na ile suruali ya magunia, Florentine akashika mbele, Apollinaire nyuma, na binti yao Anne-Marie, mwenye miaka sita, akatembea pembeni akiwa amebeba viatu vyake mkononi ili visichafuke. Barabara kubwa waliiogopa. Walifuata njia za mashamba.

Asubuhi ya pili walifika kwenye bonde la mafunjo, wakakuta daraja la magogo limechomwa. Ukungu ulikuwa mzito, mweupe, umelala juu ya maji kama shuka. Ng'ambo haikuonekana. Florentine alijaribu kwa fimbo: maji ya kifua, na chini yake tope.

"Mutoto hatapita," alisema.

Apollinaire aliangalia miti yake. Akafungua mzigo, akakaa kwenye kigogo kilichoungua, akajifunga miguu. Suruali ya magunia aliivaa pia, kwa kuwa alijua kutembea nayo na mwili ulikuwa umeizoea. Florentine akamwinulia Anne-Marie mabegani.

"Nitapima njia," alimwambia mkewe. "Ukisikia mluzi, fuata na mzigo kichwani."

Hatua kumi tu, na ukingo ukapotea nyuma yake. Alikuwa peke yake katika weupe, vichwa vya mafunjo vikimgusa magoti. Chura hakulia. Ndege hakulia. Aliinua mti wa kulia, tope likautema kwa sauti kama ya mtu anayemeza, akauweka mbele, akainua wa kushoto. Kwenye tope hairuhusiwi kusimama, ukisimama unazama. Florentine aliita jina lake mara moja ili asipotee, na Apollinaire alishangaa, maana sauti ilitokea kulia, na alikuwa na hakika amemwacha nyuma.

Mtoto aliinama sikioni pake. Kwa sauti ndogo sana akaimba, "Mulefu, unaona nini?"

Apollinaire alifungua mdomo atafute kichekesho, kuku, masikio, chochote. Hakikuja.

"Niko naona mafunjo," alisema.

Ndipo akamwona yule mwingine.

Alikuwa mbele, kidogo kushoto, mweusi ndani ya ukungu. Alikuwa mrefu. Miguu yake ilikuwa myembamba na mirefu, naye alitembea kama anavyotembea mtu aliyezoea kutembea juu ya miti, kiuno hakiyumbi. Apollinaire alihesabu hatua: yeye akipiga moja, yule anapiga moja. Ni kivuli changu, alijiambia. Akasimama ili ajue.

Yule mwingine alipiga hatua mbili zaidi, kisha naye akasimama.

Miti ya Apollinaire ilianza kuzama. Alihisi maji yakipanda kwenye suruali.

"Papa," Anne-Marie alinong'ona, "huyu mutu ni nani?"

"Hapana kuongea, mama."

Alitembea, kwa kuwa hakuwa na la kufanya zaidi ya kutembea. Yule mbele naye akatembea. Kisha, kutoka ng'ambo, sauti za wanaume zikasikika karibu kabisa, na moshi wa kuni ukamfika puani. Kumbe kulikuwa na watu ukingoni. Apollinaire alitaka kugeuka, lakini mtu hageuki upesi kwenye tope akiwa juu ya miti na mtoto mabegani. Mmoja alipiga ukelele. Bunduki ikalia mara moja. Apollinaire alifumba macho, akashika vifundo vya miguu ya mwanawe, akangoja risasi nyingine. Badala yake alisikia vitu vikianguka, watu wakiitana majina, miguu mingi ikikimbia kupanda mlima, mbali, mbali zaidi, halafu kimya.

Alipofika nchi kavu hapakuwa na mtu. Moto uliwaka, na juu yake chungu cha maharage kilichemka. Mikuki ilikuwa imetupwa ovyo majanini. Na hapo kando, milango yote miwili wazi, lilisimama lori la Amisi.

Apollinaire alikaa juu ya kibanda cha dereva, mahali pake pa kila Jumapili, akamshusha mtoto, akafungua miguu yake. Akapiga mluzi. Florentine alitokea kwenye ukungu, maji kifuani, mzigo kichwani, akauliza bunduki ilikuwa ya nani. Apollinaire alimwonyesha chungu. Walikula yale maharage moto moto, kwa vidole, wamesimama, bila kupumzika kati ya tonge na tonge. Kisha wakaingia tena mashambani.

Huko Kipese walilima na kungoja. Mara mbili Anne-Marie alisema habari za "ule mutu mulefu mwingine", na mara mbili Apollinaire alimwambia kilikuwa kivuli. Mwanzoni mwa mwaka wa 1965, waasi walipokuwa wameondoka, walirudi Butembo na kuikuta nyumba imesimama, haina mlango.

Hadithi ilikuwa imewatangulia. Jitu la mafunjo, watu walisema, lenye vichwa viwili, lilitoka majini na kutawanya waasi. Hayo yangekuwa mazuri kusikia, lakini kina mama walikuwa wameanza kuwatishia watoto kwa jitu hilo, na watoto walilala wamefunika vichwa. Jumapili Apollinaire alipotokea uwanjani amesimama juu ya miti yake, mtoto wa kwanza alipiga yowe. Wengine wakakimbia. Mwanamke mmoja, ambaye zamani alipita chini ya miguu yake akicheka, aliokota jiwe akamrushia. Mulefu alibaki peke yake katikati ya uwanja, kofia mkononi.

Aliwaambia watu kwamba ni yeye. Walimtazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa watu walioharibiwa na vita.

Mwezi wa pili Amisi alikuja, amekonda, tumbo limekwisha, lakini mzima, na Halima na watoto wote wanne wako salama. Usiku Apollinaire alimweleza, mbele ya sahani ya bugali, tangu daraja mpaka maharage.

Amisi aliacha kula. "Nilikuwa pale," alisema. "Nilifungwa kamba kwa usukani. Bale banaume balisema essence ya camion ikiisha, na miye nimeisha. Balipokimbia nilikata kamba kwa meno, nikakimbia na miye, upande ingine. Basi ile ya vichwa mbili ilikuwa weye?"

"Miye na huyu mutoto."

"Sawa. Naamini." Amisi alisogeza sahani. "Lakini ile ingine ilikuwa nani?"

Florentine aliweka kikombe chini.

"Bilikuwa bintu mbili, Muyisa," Amisi aliendelea. "Weye ulikuwa nyuma. Ile ya mbele ilikuwa na kichwa moja tu. Ndiyo bale bantu balikimbia. Bunduki ilipigwa, ile ikaendelea kuja, ikapita karibu na mulango ya camion. Sikuiona sura. Weye ulikuwa bado kwa maji."

Anne-Marie, aliyekuwa akilamba vidole, alimgeukia baba yake. "Nilikuambia, Papa," alisema, si kwa kujivuna.

Apollinaire alimwendea Edmond, mwalimu wa shule, mtu wa vitabu. Edmond alimweleza vizuri kwamba jua likiwa nyuma ya mtu, ukungu wa mbele unashika kivuli chake na kukikuza. Apollinaire alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa masoni, vivuli alivijua, alijenga kwa kuvifuata. Akauliza tu kivuli kinawezaje kupiga hatua mbili mwenyewe amesimama, na kivuli cha mtoto aliyekuwa mabegani kilipotelea wapi. Edmond alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba hofu huchanganya macho. Waliachana kwa heshima.

Uwanja uliokolewa na Amisi. Jumapili iliyofuata alisimamisha lori, alilokuwa amelifuata bondeni vita vilipotulia, pahali pake, akamlazimisha rafiki yake apande afunge miguu, kisha yeye mwenyewe, mtu mzima na kanzu yake, akapiga magoti, akatambaa chini ya miguu ya Mulefu na kukwama katikati makusudi, akipiga kelele aokolewe. Mtoto mmoja alicheka. Halima akafuata, akiwa ameshika mkono wa mdogo wao. Apollinaire akamweka Anne-Marie mabegani ili watu walione hilo jitu lenye vichwa viwili linafanana na nini, na Anne-Marie akawapungia mkono. Kufikia Pasaka duara lilikuwa limejaa, na kelele ilisikika mpaka sokoni.

Alitembea miaka mingine sita, mpaka magoti yalipomkataa. Aliongeza sheria moja tu katika mchezo, kwamba ukungu ukishuka mchezo unasimama, na hakuwahi kueleza sababu yake. Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja ukungu ulishuka kutoka milimani mchezo ukiwa katikati. Mulefu aliacha wimbo haujaisha, akaenda kwa hatua ndefu mpaka kwenye lori, akakaa, akafungua miguu.

"Mulefu, bado!" watoto walilalamika.

"Tungojee," alisema.

Familia zilikaa kwenye mikeka na mahindi yao ya kuchoma. Kila mama aliita wake, akawavuta karibu. Apollinaire alikaa juu, miguu yake mifupi ikining'inia, akiutazama upande wa shule, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa weupe, na hakugeuza macho mpaka kuta zilipoanza kuonekana tena.